Daftari la Mechi: Jinsi ya Kupima Faida na Hasara za Mashindano Makubwa Mtaani Kwako

Mashindano makubwa yakikaribia, kila mtu huwa na hesabu yake. Serikali hutaja mabilioni, mwenye nyumba hutaja kodi mpya, na kijana wa smokie pale stendi hutaja mauzo ya siku moja aliyoyaona kwa macho yake. Hesabu inayokosekana ni ya mtaa wenyewe: umati ukishaondoka, hapa kwetu pamebaki nini? Kenya, Uganda na Tanzania zilipewa AFCON (Kombe la Mataifa ya Afrika) ya 2027 mnamo Septemba 27, 2023, na itakuwa na timu 24 na mechi 52 katika nchi tatu. Anayeishi au kufanya biashara karibu na viwanja vya Nairobi, yaani Kasarani, Nyayo au Talanta kwenye Barabara ya Ngong, ana sababu ya kujifunza kupima mapema.

Kazi hii haihitaji mtaalamu wa uchumi. Inahitaji watu sita hadi wanane wanaoaminika, daftari moja la kurasa 200, simu yenye saa sahihi, na wiki nne kabla ya mechi ya kwanza. Hesabu kubwa ni ya kutoa, na kosa kubwa ni kusahau kutoa.

Makadirio ya mbele yashikwe kwa tahadhari. Kabla ya Kombe la Dunia la 2010, Afrika Kusini iliambiwa itarajie wageni 483,000. Miezi michache kabla ya mashindano makadirio yakashushwa hadi 373,000. Waliohesabiwa mwishoni kuwa walikuja kwa ajili ya Kombe walikuwa 309,554, na matumizi yao yakawa randi bilioni 3.64. Hizo ni pesa nyingi, wala hakuna anayezibeza. Lakini aliyejenga vyumba kwa kutegemea wageni 483,000 alibaki na vitanda bila walalaji.

Kwanza, chora eneo

Chukua karatasi na uchore duara tatu kuzunguka uwanja. Ya kwanza ni eneo la barabara zitakazofungwa na polisi. Ya pili ni mwendo wa dakika ishirini kwa miguu, yaani kama kilomita moja na nusu. Ya tatu ni mitaa ya mbali ambako watu watatazama mechi kwenye runinga za baa na vibanda.

Duara hizi hazifanani kwa tabia. Kwa Kasarani, shabiki anayeshuka Thika Road hutembea, na njiani hununua maji, chapati, jezi na kofia. Pesa nyingi za mtaani huanguka katika duara la pili. La kwanza mara nyingi hupoteza. Duka la vifaa vya ujenzi kwenye barabara ya Kasarani–Mwiki haliuzi mfuko wa simiti siku ambayo lori haliwezi kupita. Zahanati hukosa wagonjwa wake wa kawaida, fundi wa magari hukaa bure, na matatu za 17B huzungushwa njia ndefu zikala mafuta. Ukihesabu vibanda vya chakula peke yake utapata jibu tamu lisilo la kweli. Kwa kila wauzaji wawili wa chakula unaowaandika, andika na mfanyabiashara mmoja ambaye bidhaa yake haina uhusiano wowote na mpira: kinyozi, hardware, cyber, fundi cherehani, duka la dawa.

Ishirini na tano hadi thelathini kwa jumla wanatosha. Wakizidi hapo, wahesabuji huchoka wiki ya pili, na daftari lililochoka ni baya kuliko kutokuwa na daftari, kwa sababu watu huanza kubuni.

Wiki nne za kabla ndizo roho ya kazi

Hapa ndipo vikundi vingi hushindwa. Wanaanza kuhesabu siku ya mechi, wanaona mauzo ya shilingi 9,600, wanashangilia. Elfu tisa na mia sita ukilinganisha na nini? Bila siku ya kawaida iliyoandikwa, hakuna jibu.

Kwa wiki nne, kila mfanyabiashara aliyekubali aandike vitu vinne mwisho wa siku: mauzo yote, gharama ya bidhaa zilizouzwa, gharama nyingine za siku hiyo (msaidizi, maji, makaa, kanjo wa kaunti), na saa alizofungua. Anayetumia Lipa na M-Pesa au Pochi la Biashara anaweza kuchukua taarifa ya miamala yake na kuona miezi iliyopita, jambo linalookoa muda. Asisahau pesa taslimu. Kibanda kinachopokea nusu kwa simu na nusu mkononi kitaonekana kimekua ghafla siku ambayo wateja wote wamelipa kwa simu, kumbe ni njia ya malipo tu iliyobadilika.

Linganisha siku na siku yake. Mechi ya Jumapili ilinganishwe na Jumapili nne zilizopita, si na wastani wa wiki. Halafu angalia tarehe. Kati ya tarehe 28 na 5 watu wana mshahara, na kuanzia tarehe 15 mifuko hukauka. Angalia pia kalenda ya shule: sehemu kubwa ya CHAN ya 2025, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani, iliangukia likizo ya Agosti, watoto wakiwa nyumbani na familia nyingine zikiwa zimesafiri mashambani. Mvua nayo iandikwe, kwa sababu mvua ya saa kumi jioni huondoa wateja zaidi ya mechi yoyote.

Ili kutenganisha mambo hayo na mashindano, tafuta mtaa wa kulinganishia. Unapima Kasarani? Mwombe mtu mmoja Umoja au Donholm aandike vibanda vitano vinavyofanana na vyenu, siku zilezile. Ikiwa Jumapili ya mechi mauzo yenu yalipanda kwa asilimia 60 na ya Umoja yakapanda kwa asilimia 15 kwa sababu ni mwisho wa mwezi, sehemu inayohusu mashindano ni ile tofauti, yaani kama pointi 45. Hatua hii moja inaweka daftari lenu juu ya ripoti nyingi zenye majalada mazuri.

Jambo la kisheria ambalo ni rahisi kulisahau: msiandike majina ya watu wala nambari za simu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inawahusu hata ninyi. Kila kibanda kipewe herufi na nambari, K1, K2, H1, na karatasi ya ufunguo akae nayo mtu mmoja.

Siku ya mechi

Gawa siku katika vipande vitatu: saa tatu kabla ya mpira kuanza, wakati wa mchezo, na saa mbili baada ya filimbi ya mwisho. Wahesabuji wawili wasimame kwenye njia panda moja yenye watu wengi, wahesabu wapita njia kwa dakika kumi katika kila saa, kisha wazidishe kwa sita. Mmoja ahesabu wanaoelekea uwanjani, mwingine wanaorudi. Wasibadilishe mahali kati ya siku moja na nyingine, hata kama upande wa pili unaonekana na watu zaidi.

Vilevile wachague wateja 60 kwa siku, kila mtu wa tano anayenunua, bila kumchagua kwa sura au jezi. Wamuulize maswali matatu tu. Umetoka wapi leo? Kama kusingekuwa na mechi, ungekuwa wapi saa hizi? Na pesa hii ungeitumia kwa nini? Swali la tatu ndilo lenye dhahabu, nalo linahitaji uvumilivu kidogo maana watu hucheka kwanza kabla ya kujibu.

Mtandao wa simu huzidiwa umati unapokuwa mkubwa, na malipo ya M-Pesa huchelewa. Muuzaji aje na chenji ya noti za hamsini na mia pamoja na sarafu, la sivyo atapoteza wateja wa dakika ishirini za mwisho kabla ya lango kufungwa, ambazo ndizo tamu kuliko zote. Mauzo yaliyopotea kwa sababu ya mtandao yaandikwe kwa alama moja kwa kila mteja aliyeondoka mikono mitupu.

Hesabu ya kutoa, hatua kwa hatua

Tuchukue mfano wa mkokoteni wa smokie na mayai. Tarakimu ni za kuonyesha njia tu. Zako ziweke mahali pake.

Jumapili ya kawaida anauza 3,800. Bidhaa zimemgharimu 2,300. Anabaki na 1,500.

Jumapili ya mechi anauza 9,600. Bidhaa zilizouzwa zimemgharimu 5,800. Mayai yaliyochemshwa na kachumbari iliyolala vimeharibika, 600. Msaidizi wa siku, 600. Makaa na maji ya ziada, 250. Anabaki na 2,350.

Nyongeza halisi ya siku hiyo ni 2,350 kutoa 1,500, yaani shilingi 850. Ukimwuliza juujuu atakwambia mechi imemletea 5,800, kwa sababu hiyo ndiyo tofauti ya mauzo aliyoiona. Hakudanganyi. Hajatoa tu.

Sasa panua hadi mwezi. Katika CHAN ya 2025 Harambee Stars, timu ya taifa ya Kenya, walicheza Kasarani siku tano, Agosti 3, 7, 10, 17 na 22, kisha fainali ikachezwa hapo tarehe 30 bila Kenya, iliyokuwa imetolewa na Madagascar kwa penalti katika robo fainali. Siku kubwa ni sita. Sita mara 850 ni 5,100. Kama kuna siku mbili ambazo barabara ilifungwa kwa maandalizi akakosa kuuza kabisa, toa 3,000. Mwezi mzima umempa nyongeza ya 2,100.

Hesabu hii isimkatishe mtu tamaa, maana ndiyo inayoonyesha pa kurekebisha. Mshipa wa hasara hapo ni zile 600 zilizoharibika. Zikiondoka, nyongeza ya siku inapanda kutoka 850 hadi 1,450. Chemsha mayai trei moja moja, yaani thelathini kwa thelathini, badala ya trei tano alfajiri. Katakata kachumbari ya saa moja tu. Nusu ya soseji ibaki kwenye barafu kwa jirani mwenye friji, na mkubaliane naye malipo mapema. Baada ya filimbi ya mwisho usichemshe trei mpya hata umati uonekane mkubwa namna gani: timu ya nyumbani ikifungwa watu hupita kimya kuelekea stendi, ikishinda huimba na kununua, na hujui ni lipi mpaka dakika ya mwisho.

Pesa mpya au pesa iliyohama?

Rudi kwenye wale wateja 60. Tuseme 36 wametoka mitaa mingine ya Nairobi na wamesema pesa ile wangeila nyama Roysambu au kuitumia sinemani. Kwa mtaa wako hiyo ni pesa mpya. Kwa jiji la Nairobi haijaongezeka hata ndururu. Imehama tu kutoka mfuko wa muuzaji mmoja hadi wa mwingine. Kwa nchi, pesa mpya kabisa ni ya mgeni aliyevuka mpaka kwa ajili ya mechi, ukitoa wageni ambao wangekuja lakini wakaahirisha kwa kuogopa msongamano na bei.

Kuogopa huko si nadharia. Agosti 2012, mwezi wa Olimpiki ya London, wageni waliofika Uingereza kutoka nje walipungua kwa takriban asilimia 5 wakilinganishwa na Agosti ya mwaka uliotangulia, ingawa waliokuja walitumia pesa zaidi. Watalii wa kawaida walikaa mbali. Mwenye hoteli ya Nairobi anayetegemea safari za Maasai Mara aulize mawakala wake mapema ni wangapi wameahirisha, na awaandike katika safu ya kutoa.

Kwa hiyo kila tarakimu unayotaja iambatane na ngazi yake: mtaa, jiji au nchi. Mkutano wowote unaochanganya ngazi hizi huishia kwenye ubishi, kila upande ukiwa na ukweli wake nusu.

Kuna pia kuvuja. Chukua shilingi 100 ya kila bidhaa na ufuatilie imeishia wapi. Jezi ya kuletwa kutoka ng'ambo huacha kwa muuzaji faida ndogo, na kiasi kikubwa humrudia mwagizaji wa Eastleigh au Kamukunji na kiwanda cha nje. Chapati huacha zaidi, kwa sababu jasho ni la hapa, kibanda ni cha hapa, na hata unga umenunuliwa duka la kona. Kuosha miguu yenye vumbi, kuchora nyuso bendera, kutunza mizigo, kuchaji simu kwa shilingi ishirini: huduma hizi huacha karibu pesa zote mtaani. Kikundi cha vijana kinachopanga nini cha kuuza kianze na orodha hii kabla ya kukimbilia jezi. Na jezi bandia ziachwe kabisa. Zikikamatwa hupotea mtaji wote kwa siku moja. Nembo ya mashindano, sanamu yake na jina lake rasmi vina wenyewe, na wafadhili wamelipia kuvitumia, kwa hiyo bango lako litaje "mechi" na "mpira", lisichore nembo.

Usikope kwa ahadi ya kalenda

Nairobi ina historia inayotosha kumfundisha mkopaji. Kenya ilikabidhiwa AFCON ya 1996 ikachezwa Afrika Kusini. Ikakabidhiwa CHAN ya 2018, ikanyang'anywa Septemba 2017 kwa sababu viwanja havikuwa tayari, na ikachezwa Morocco. Mashindano ya riadha ya dunia ya chini ya miaka 20 yalifanyika Kasarani Agosti 2021, lakini bila mashabiki kwa sababu ya korona. Na katika CHAN ya 2025, baada ya mashabiki wasio na tiketi kuvunja ulinzi siku ya mechi ya Morocco, CAF, shirikisho la soka la Afrika, iliweka kikomo cha tiketi 27,000 kwa mechi iliyofuata, dhidi ya Zambia. Muuzaji aliyenunua stoki kwa hesabu ya uwanja uliojaa alijikuta ana maelfu ya wateja pungufu kwa tangazo la siku moja.

Nunua kwa awamu tatu. Theluthi ya kwanza wiki moja kabla, ya pili idadi ya tiketi ikishatangazwa, ya tatu baada ya mechi ya kwanza, ukishaona mwenyewe. Hesabu tiketi zilizouzwa, si viti. Mkopo, kama ni lazima, uwe wa kiasi ambacho siku zako za kawaida zinaweza kulipa peke yake.

Ajira zipimwe kwa siku

"Ajira elfu moja" ni maneno matupu mpaka uulize za siku ngapi. Walinzi wa malango 40 wakifanya kazi siku sita, hizo ni siku 240. Mwezi wa kazi una siku kama 26, hivyo umepata miezi tisa na kidogo ya kazi: chini ya mtu mmoja aliyeajiriwa mwaka mzima. Andika hivyo. Andika pia malipo ya siku, siku aliyolipwa kweli, na kama amepata barua ya uzoefu, kwa maana barua hiyo mara nyingi huishi kuliko mshahara. Kikundi kidai barua hizo kabla ya kazi kuanza. Baada ya mashindano ofisi za muda hufungwa na aliyekuwa bosi hapatikani tena.

Kodi ya nyumba na ya duka

Uwanja mpya hupandisha bei ya ardhi kabla haujapandisha mauzo ya mtu yeyote. Wapangaji wa Jamhuri, Woodley na upande wa Kibera unaopakana na Barabara ya Ngong waandike kodi yao sasa, kisha kila miezi mitatu: vyumba vya aina moja, mlango uleule, ukiwa na watu kumi au zaidi katika orodha.

Mwenye duka ana kinga ambayo wengi hawaijui. Sheria ya wenye nyumba na wapangaji wa maduka, hoteli na mikahawa, Sura ya 301, humlinda mpangaji asiye na mkataba wa maandishi, au mwenye mkataba usiozidi miaka mitano. Mwenye jengo hawezi kupandisha kodi kwa ujumbe wa simu. Lazima atoe notisi kwenye fomu rasmi, nayo haianzi kufanya kazi kabla ya miezi miwili. Mpangaji asiyekubali ajibu kwa maandishi ndani ya mwezi mmoja, kisha apeleke shauri kwenye Baraza la Kodi za Majengo ya Biashara kabla tarehe ya notisi haijafika. Anayenyamaza hupoteza haki yake kwa kunyamaza. Mkiwa wapangaji wanane wa jengo moja, pelekeni mashauri kwa pamoja.

Wachuuzi na ukanda uliofungwa

Mwaka 2010 wachuuzi wengi wa Afrika Kusini walijikuta nje ya ukanda wa kuzunguka viwanja, wakati biashara ndani yake ilikuwa imetengewa wafadhili. Brazil ilikuwa ielekee huko huko mwaka 2014. Lakini Salvador, wanawake wanaouza acarajé, vile vitumbua vya kunde vinavyokaangwa kwa mafuta ya mawese, walijipanga mapema, wakakusanya sahihi, na wakapata nafasi katika uwanja wa Fonte Nova. Tofauti haikuwa bahati. Walikuwa na chama, walikuwa na orodha, na walianza kabla ramani haijafungwa.

Anzeni vivyo hivyo. Miezi sita kabla, andikeni barua kwa kamati ya maandalizi na nakala kwa kaunti, mkiomba ramani ya ukanda na masharti ya kuuza. Ambatanisheni orodha ya wauzaji kwa idadi na aina ya bidhaa, vibali vya biashara, na vyeti vya afya vya wanaoshika chakula. Vyeti hivyo huisha kila baada ya miezi sita, kwa hiyo pimeni afya tena mwezi mmoja au miwili kabla ya mashindano. Muombe mahali, maji na mahali pa kutupa taka, vyote vitatu katika barua moja. Anayeomba mahali pekee hupewa kona isiyo na bomba na hufukuzwa kwa uchafu siku ya pili.

Yasiyo na bei

Kuna furaha ambayo haiingii katika safu ya shilingi. Kenya ilipoifunga Morocco 1–0 Agosti 10, watu wasiojuana walikumbatiana barabarani, na hilo ni faida, liandikwe. Hesabu watoto wangapi walikuja kujiandikisha katika timu za mtaa katika miezi mitatu baada ya mashindano, ukilinganisha na miezi mitatu ya kabla. Andika mashindano ya wasichana yaliyoanzishwa, na yaliyodumu.

Upande wa pili uwe wazi vilevile: simu zilizoporwa, wanawake walioshikwashikwa kwenye msongamano, wagonjwa waliochelewa kufika hospitali kwa sababu ya barabara zilizofungwa, waliotumia kuta za watu kama choo kwa sababu vyoo havikuwapo njiani. Mwombe mhudumu wa afya wa jamii awahesabu waliojeruhiwa kwa siku. Vijana walioweka mshahara kwenye kamari wakati wa mashindano ni vigumu kuwahesabu, lakini mama wa chama anayeshika akiba anajua ni michango mingapi iliyochelewa mwezi huo. Muulizeni idadi, si majina.

Pesa za umma

Uwanja wa Talanta umefadhiliwa kwa dhamana (mkopo kutoka kwa wawekezaji) ya takriban shilingi bilioni 44.8 iliyoorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi mwaka 2025. Ukigawa kwa viti 60,000 unapata karibu shilingi 747,000 kwa kila kiti, kabla ya riba. Montreal ilimaliza kulipa deni la Olimpiki ya 1976 mwaka 2006, miaka thelathini baadaye. Los Angeles, iliyotumia zaidi viwanja vilivyokuwapo, ilibaki na ziada ya zaidi ya dola milioni 200 baada ya michezo ya 1984. Kinachoamua ni siku ngapi kwa mwaka kiti hicho kitakaliwa baada ya wageni kuondoka.

Hilo unaweza kuliuliza kwa sheria. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 vinakupa haki ya kuandikia ofisi ya umma na kujibiwa ndani ya siku 21. Barua iwe fupi na iombe vitu vinavyoweza kuhesabika: gharama ya matunzo kwa mwaka, idadi ya siku uwanja ulipokodishwa mwaka uliopita, mapato ya kila aina ya shughuli (mpira, mikutano ya dini, matamasha), na ratiba ya kulipa deni. Usiulize "manufaa ni yapi", kwa sababu utajibiwa kwa hotuba. Wakikaa kimya au wakikataa, peleka rufaa kwa Tume ya Haki ya Utawala ndani ya siku 30. Weka nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, maana bila muhuri siku 21 hazina mwanzo.

Kufikisha daftari mezani

Ripoti ya kurasa nne inatosha: ramani, jedwali la siku za kawaida na za mechi, jedwali la kodi, na ukurasa mmoja wa maombi. Ipelekwe kwa wakati, kwa sababu bajeti ya kaunti ina kalenda yake. Mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa kufikia Septemba 1, mkakati wa fedha wa kaunti kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Ombi la taa, vyoo na soko la kudumu karibu na uwanja likifika Mei limechelewa mwaka mzima, hata liwe zuri kiasi gani. Mpelekeeni mwakilishi wa wadi nakala wiki tatu kabla ya tarehe hizo, na mwingine asome kwa sauti kwenye kikao cha maoni ya wananchi ili iingie kwenye kumbukumbu.

Hesabu ya mwisho hufanywa mara mbili, miezi mitatu na miezi kumi na mbili baada ya fainali. Rudini kwa vibanda vilevile vyote, mkiandika vilivyofungwa pamoja na vilivyobaki. Kile kilichofungwa kina thamani kuliko vyote katika daftari, na ndicho ambacho mhesabuji mvivu hukiruka kwa kuwa hakuna mtu mlangoni wa kumuuliza. Muulize jirani yake kilifungwa lini, kodi ilikuwa kiasi gani mwezi huo, na nani yuko ndani sasa.